Kiko chenye jina na kiko kisicho na jina

Kiko kilichochongwa na Bo Nordh, fundi wa Sweden aliyefariki mwaka 2006, kikipatikana sokoni leo hununuliwa kwa maelfu ya dola, na vile vinavyogombewa zaidi vimeshavuka dola 10,000 kwa kimoja. Kwa fedha hiyo mtu wa Baraka, mashariki mwa Kongo, anajenga nyumba ya matofali ya kuchoma, anaiezeka bati na bado anabakiwa na za saruji ya sakafu. Kitu chenyewe kinaingia mfukoni. Ni kipande cha mti chenye uzito wa gramu 50 hivi, kimetobolewa matundu mawili yanayokutana ndani, kikatiwa mrija wa mpira mgumu mweusi. Kazi yake ni ile ile ya kiko anachovuta mzee wa nyanda za juu za Bibokoboko asubuhi ya baridi, ng'ombe wakiwa bado hawajatoka zizini: kuishika tumbaku inapoungua na kuufikisha moshi mdomoni ukiwa umepoa kidogo. Kile cha kwanza kina mnada wake, kina vitabu vinavyokieleza, kina watu wanaoweza kutaja mikono yote kilikopitia. Cha pili hakina bei, na mwenyewe akifa huenda kikapotea, au kikaokotwa na watoto wakakichezea.

Wauzaji wa viko vya kifahari wana jibu lao kuhusu pengo hili. Wanasema ni mti, na mti huo wanausimulia kama kwamba una roho. Ukifuatilia ushahidi, jibu hilo linalegea. Kinachouzwa kwa bei ya nyumba, kwa sehemu kubwa, ni kumbukumbu: jina la fundi, mwaka, mwalimu aliyemfundisha, na orodha ya waliokimiliki. Kumbukumbu hiyo inatengenezwa kwa makusudi, kama mrija unavyotengenezwa. Sisi wa kando ya ziwa Tanganyika tumekuwa na mafundi wa kuchonga tangu zamani. Tulichokikosa ni daftari.

Mti wenyewe haudharauliki. Wataalamu wa mimea wanauita Erica arborea. Wafanyabiashara wanauita briari. Unamea kandokando ya Bahari ya Mediterania, kuanzia Algeria na Corsica hadi Calabria na Ugiriki, kwenye miteremko mikavu yenye mawe. Hauchongwi shina wala tawi. Kati ya shina na mizizi hujitokeza nundu ngumu inayohifadhi maji na chakula cha mti, ili ukiungua au ukikauka uweze kuchipua tena. Nundu hiyo huchukua miongo kadhaa kufikia ukubwa wa kufaa. Mchimbaji huing'oa, huifunika isikauke ghafla na kupasuka, kisha msumeno huigawa vipande, na vipande huchemshwa saa nyingi ili utomvu na uchungu utoke. Baada ya hapo hukaushwa polepole, miezi au miaka. Kinachobaki ni mti mgumu, mwepesi kiasi, unaovumilia moto na kunyonya unyevu wa moshi. Tangu miaka ya 1850, mafundi wa Saint-Claude, mji mdogo katika milima ya Jura nchini Ufaransa, walipoona ubora wake, viko vya udongo na vya miti mingine vilianza kurudi nyuma.

Sifa hizo ni za kweli, lakini hazielezi bei. Kipande kizuri cha briari ambacho hakijachongwa hununuliwa kwa makumi ya dola. Kiko cha kawaida cha kiwandani, cha mti huo huo uliochemshwa na kukaushwa kwa njia ile ile, hakifiki dola 100 kwa chapa kadhaa. Kati ya makumi ya dola na dola 10,000 kuna safari ndefu, na mti umebaki mwanzoni mwa njia. Wauzaji wanalijua hilo, ndiyo maana husogeza mazungumzo kwenye nyuzi za mti: nyuzi zilizonyooka kutoka chini ya bori hadi ukingoni, bila doa wala shimo, ambazo fundi anaweza kuchonga mamia ya viko asizipate. Ni kweli ni adimu, na ni kweli zinapendeza macho. Lakini nyuzi zilizonyooka hazibadilishi ladha ya tumbaku, na mafundi wengi wakubwa hawaoni aibu kusema hivyo. Mnunuzi analipia kitu adimu. Ili ajue ni adimu, lazima awepo mtu aliyehesabu.

Kuna jambo jingine ambalo hadithi za wauzaji huliruka. Jamii ya Erica ina mamia ya spishi, na nyingi mno zipo Afrika, hasa kusini kabisa mwa bara. Erica arborea yenyewe haiishii Mediterania; inamea pia katika milima ya Ethiopia na Rwenzori, na uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba mmea huu ulisambaa kuelekea kaskazini-magharibi ukitokea upande wetu wa dunia. Kwa maneno mengine, mti unaonadiwa kama siri ya mwambao wa Ulaya una ndugu zake kwenye baridi ya milima ya Afrika ya kati. Mtu atapinga, na ana hoja: nundu ya Calabria imekomazwa na kiangazi kirefu na moto wa mara kwa mara, mazingira ambayo milima yetu yenye ukungu haina, kwa hiyo hakuna hakika kwamba nundu ya Rwenzori ingefaa bori la kiko. Sawa. Lakini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, njia za Mediterania zilipofungwa, viwanda vya Marekani vilichonga viko kwa miti ya milimani ya huko huko kwao, na wavutaji wakavuta. Vita vilipokwisha walirudi kwenye briari, kwa kuwa ni bora zaidi. Ubora huo basi ni wa kupimika, wa kulinganishwa na miti mingine, na kitu cha namna hiyo hakina haja ya kufunikwa kwa uchawi.

Aliyeelewa mapema kwamba biashara hii ni ya kumbukumbu alikuwa Alfred Dunhill. Alifungua duka la tumbaku mtaa wa Duke, London, mwaka 1907, na miaka mitatu baadaye akaanzisha karakana ndogo ya viko. Hakuwa fundi aliyezaliwa na patasi mkononi. Alikuwa mfanyabiashara, na viko vyake vya mwanzo vilitoka kwa mafundi wengine, akiwamo Charatan wa hapo hapo London. Ukikitazama kiko chake kwa karibu utaona mambo mawili madogo. La kwanza ni kitone cheupe juu ya mrija mweusi. Inaelezwa kwamba kiliwekwa ili mteja asikosee upande wa juu wa mrija anapouchomeka. Ufafanuzi huo ni wa unyenyekevu mno kwa alama ambayo, kwa miaka zaidi ya 100, imemwezesha mtu aliyekaa ng'ambo ya chumba kujua mwenzake anavuta kiko cha nani. La pili limejificha zaidi: kwenye shina, baada ya neno England, kimegongwa kitarakimu kidogo. Tarakimu hiyo humwambia anayejua kuisoma mwaka ambao kiko kilitengenezwa. Kiwanda kingine kingeona kazi hiyo ni upotevu wa muda, kwani mvutaji hana haja na mwaka, tumbaku ikiungua imeungua. Dunhill aligonga mwaka, naye alikuwa akimwandikia mnunuzi wa nusu karne baadaye, ambaye hatavuta bali atatafuta cha 1925 kwa sababu anacho cha 1924 na cha 1926.

Hata kasoro za mti aliziuza kwa hadithi. Mwaka 1917 alisajili namna ya kuupulizia mti mchanga kwa nguvu hadi sehemu laini zikaliwa na zile ngumu zikasimama kama mifupa, akaiita Shell. Njia hiyo huficha mashimo madogo ambayo kwenye mti laini uliong'arishwa yangeonekana na kukishusha kiko daraja. Inasimuliwa kwamba aligundua siri hiyo kwa bahati, baada ya kusahau kiko ambacho hakijakamilika karibu na tanuri ya kupashia nyumba joto. Hadithi ni tamu, na huenda hata ina ukweli ndani yake. Bila shaka ilisaidia kuuza. Watu walilipa bei ya juu kwa mti ambao fundi mwingine angeujaza matundu kwa gundi na kuupaka rangi nyeusi. Na tusimwonee: aina hiyo hupoa upesi zaidi na ni nyepesi mkononi. Hila na manufaa vililala kitanda kimoja, jambo la kawaida katika biashara iliyofaulu.

Denmark waliongeza kitu ambacho Dunhill hakuwa nacho, nacho ni nasaba. Sixten Ivarsson, Msweden aliyehamia Copenhagen na kuanza kama fundi wa kukarabati viko vilivyovunjika, aliacha maumbo ya Kiingereza na kuanza kufuata mti ulivyotaka kwenda. Mwanawe Lars alirithi kazi, na mjukuu wake Nanna naye ni fundi. Waliokaa karakanani kwake walitoka na sifa ya kukaa karakanani kwake. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa nguvu ya jambo hili, maana tunajua uzito wa silsila: elimu hupewa heshima kwa kutaja nani aliipokea kwa nani. Mkusanyaji anapotaja kwamba fundi fulani alifundishwa na mtu aliyefundishwa na Ivarsson, anafanya hesabu ile ile. Bo Nordh naye alikuwa mtu wa viko vichache, fundi aliyeumia vibaya kwa ajali ya pikipiki ujanani na kufanya kazi polepole sana. Uchache wake umeandikwa, maisha yake yameandikwa, na hata ajali yake imeingia katika bei.

Sasa tuje kwetu. Miaka ya 1950, chini ya Kilimanjaro, upande wa Amboseli ambako mpaka wa Kenya na Tanzania unapita, lilianza kuchimbwa jiwe la mershamu, lile jeupe laini ambalo kwa muda mrefu lilijulikana kutoka Eskişehir nchini Uturuki. Ni jiwe linalonyonya majimaji ya moshi na kubadilika rangi taratibu likivutiwa. Kampuni ya Tanganyika Meerschaum Corporation ya Arusha ilichonga viko, vingine ikavivika ngozi, ikavipa chapa ya Kiko yenye picha ya tembo na kuvipeleka ng'ambo. Jiwe jingine lilisafiri likiwa ghafi. Huko Laxey, katika Kisiwa cha Man, kulikuwa na kiwanda kilichochonga viko kwa mershamu ya Afrika Mashariki na kuviuza kama zao la kisiwa hicho. Leo chapa ya Kiko haijafa kabisa katika vikapu vya wauza vitu vya kale wa Ulaya na Marekani, lakini huuzwa kwa bei ya chini, kama kumbukumbu ya safari ya kutazama wanyama.

Sababu ya unyonge huo inaweza kutafutwa kwenye jiwe. La Amboseli si safi kama la Uturuki, lina madoa, na mafundi waliona afadhali kulipaka rangi au kulitumia kama bitana ndani ya bori la mti. Halafu vilikuwa viko vya kiwandani. Hoja ya kwanza ina uzito; ya pili haina, kwa sababu Dunhill nacho kilikuwa kiwanda. Tofauti ni kwamba aliyekamata kiko cha Dunhill ana mwaka na ana daraja la mti, wakati aliyekamata cha Arusha ana tembo. Tembo ni mzuri, ila hasemi kitu. Hakusema ni nani alikichonga pale karakanani, wala mwaka gani, wala kama bori hili lilitoka mgodi uleule na lile. Chapa ilinadi bara zima, Afrika ya picha, na anayenadi bara zima anauza kitu ambacho kila mtu anaweza kukiuza. Mafundi wa Arusha walikuwapo, na majina yao waliyajua jirani zao. Hakuna aliyeona faida ya kuyagonga kwenye shina.

Ukitoka Arusha kurudi magharibi mpaka maji ya ziwa Tanganyika, upungufu huu wa maandishi unazidi, na pia unageuka kuwa kitu kingine. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipofika Ujiji Februari 1858 alishangazwa na namna wenyeji walivyotumia tumbaku: waliiloweka, wakayavuta maji yake puani, kisha wakaibana pua kwa kibanio wakae nayo. Mwaka huo huo yeye na John Speke walipanda mitumbwi kuelekea Uvira, wakipitia Ubwari, rasi ile ile inayoonekana leo kutoka ufukwe wa Baraka. Waliandika mengi kuhusu watu, bei za bidhaa na tabia za machifu. Majina ya waliofua vibanio hivyo vya pua, au waliofinyanga viko, hayamo. Msafiri wa karne ile alimwona mtu anayevuta, akaiona ajabu ya kuvuta. Fundi alikuwa nje ya jicho lake.

Baadaye vitu vya Fizi, eneo hilo hilo la Baraka, vilianza kutafutwa, tena kwa fedha nyingi. Vinyago na sanamu za mababu zilizoitwa za Wabembe zilifika Brussels na Paris, zikapewa lebo na wauzaji: huyu Mbembe, yule Mbuyu, na mara nyingine lebo ilibadilika kutegemea ni ipi iliyokuwa ikiuzika msimu ule. Mbelgiji Daniel Biebuyck, aliyefanya utafiti mashariki mwa Kongo kuanzia mwaka 1949, alitumia kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1981, kuonyesha kwamba sanamu nyingi zilizobebeshwa jina la Wabembe zilihusiana na koo za wawindaji waliokuwapo kabla yao, Basikasingo na wenzao, na kwamba mipaka iliyochorwa na wauzaji haikulingana na koo zilizoishi Fizi. Hapo ndipo ajabu ya biashara hii inapojidhihirisha. Kiko cha Ulaya kinapanda bei kadiri mambo yake yanavyojulikana. Sanamu ya Fizi ilipandishwa bei na giza, na aliyelisimamia giza hilo alikuwa muuzaji, kwa kuwa ndiye pekee aliyebaki na haki ya kusimulia.

Hapa kuna pingamizi lililo zito kuliko yote, nalo linatoka nyumbani. Mtu atasema vitu hivi havikuwa na jina la fundi kwa sababu havikuwa mali ya fundi. Katika bwami, chama cha madaraja, kitu kilikuwa cha daraja, cha waliopandishwa, na kinyago cha chama cha Alunga, chenye nyuso mbili na macho makubwa ya duara, hakikuwa cha kutazamwa na kila mpita njia. Kukitia jina la mchongaji kungekuwa utovu wa adabu. Pingamizi hili ni la haki, na linaonyesha tofauti kati ya siri mbili. Siri ya Alunga ilikuwa na wenyewe: kulikuwa na wanaoijua, wasioijua, na njia ya kutoka kundi moja kwenda jingine. Siri anayouza muuzaji wa viko au wa vinyago haina wanaoijua. Ni ukungu uliowekwa ili bei isiulizwe maswali. Lakini kiko cha kuvutia tumbaku hakikuwa kinyago cha Alunga. Kilikuwa chombo cha nyumbani, kama kinu au kigoda, na hakuna mwiko uliokataza mtu kusema nani alikitengeneza. Watu walisema. Tatizo ni kwamba walisema tu.

Pingamizi jingine: kitu kisicho na jina kinaweza kuuzwa ghali hata hivyo, kwa hiyo jina si lazima. Mfano wa Buli unaonyesha kinyume. Miaka ya 1930, mtafiti wa sanaa Frans Olbrechts alitambua kwamba vigoda na sanamu kadhaa zenye nyuso ndefu, zilizotoka eneo la mto Lukuga, zilitoka mkono mmoja au karakana moja, akamwita fundi huyo kwa jina la mahali: fundi wa Buli. Baadaye likapatikana jina la mtu, Ngongo ya Chintu wa kijiji cha Kateba. Novemba 2010, kigoda kinachohesabiwa kuwa chake kiliuzwa mnadani Paris kwa zaidi ya euro milioni 5. Vigoda vya Waluba vilivyo vizuri ni vingi. Hicho kilitengwa na vingine kwa sababu kulikuwa na mkono unaotambulika nyuma yake. Soko lilipokosa jina lilijitengenezea, kwa kuwa bila jina haliwezi kupanga vitu kwa thamani. Kateba haikupata hata senti ya mnada huo, na isingepata hata kama jina lingejulikana siku zote, maana kigoda kilishaondoka zamani. Tingatinga wa Dar es Salaam alikuwa na bahati nyingine. Edward Saidi Tingatinga aliuawa mwaka 1972 baada ya miaka michache tu ya kuchora, lakini alikuwa akiandika jina lake kwenye ubao wa picha. Ndugu na wanafunzi wake wamekula kwa jina hilo hadi leo, na mnunuzi anayetaka picha ya mkono wake mwenyewe analipa zaidi kuliko anayetaka ya mtindo wake.

Fizi ina mfano wake wa jinsi karatasi inavyogeuza kitu. Aprili 1965, Ernesto Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma akafika Kibamba, kwenye pwani ya Fizi, akakaa na wapiganaji wa milima ile hadi Novemba, akitumia jina la Tatu. Alikuwa mvutaji wa sigara kubwa na wa kiko pia, pumu yake ikimzuia na yeye akikataa kuzuiwa. Nywele zake alizokatwa baada ya kuuawa Bolivia zilinunuliwa mwaka 2007 huko Dallas kwa zaidi ya dola 100,000. Tuseme leo kijiji kimoja cha pwani kinatoa kiko kikuukuu na kusema ndicho alichokiacha. Mti utapimwa, bori litapigwa picha, lakini swali la kwanza la mnunuzi litakuwa nani alikipokea, nani alikihifadhi na liko wapi andiko. Bila hayo ni kipande cha mti kilichoungua ndani. Nywele za Dallas zilinunuliwa pamoja na picha na nyaraka za aliyekuwapo pale.

Wapo watakaosema haya yote ni ya bure kwa kuwa tumbaku inaua. Inaua kweli, Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya vifo milioni 7 kwa mwaka. Wavutaji wa kiko wamepungua kila mahali, na vijana wa Bibokoboko hawarithi viko vya babu zao. Ila kupungua kwa wavutaji hakujashusha bei ya viko vyenye majina. Vimehama kutoka mdomoni kwenda kabatini, na wanunuzi wake wengi hawaviwashi moto. Anayetetea kumbukumbu ya mafundi hamtetei mvutaji.

Kwa Bibokoboko jambo hili lina haraka yake. Oktoba 2021 nyumba nyingi za huko zilichomwa moto na watu wakakimbilia Baraka, wengine mbali zaidi. Nyumba ikiungua, kinachoungua si kiko cha mti peke yake, inkono y'itabi kama Wanyamulenge wa huko wanavyokiita, wala kigoda au chungu cha jirani yake Mbembe. Yule bibi aliyejua kilitoka kwa nani, aliyepewa alipoolewa, mwaka fulani wa njaa, sasa yuko kambini Tanzania au Burundi, au kwa mwanawe Marekani, na anayoyajua hayana tena kitu cha kuyashikilia. Kwa mkusanyaji wa Copenhagen hasara kama hiyo ina tiba, kwani kiko kikiungua picha ipo, mwaka upo, jina lipo. Kwa familia ya nyanda za juu kitu na habari zake vilikuwa mahali pamoja.

Hata hivyo, tiba ya Dunhill haikuwa ghali hata kwake: nyundo, mhuri wa chuma na herufi chache. Mchongaji wa vinu na miiko anayeuza sokoni Baraka anaweza kupasha msumari moto na kuandika chini ya kigoda jina lake, kijiji na mwaka kabla hakijakauka vizuri. Watu watauliza kama mnunuzi wa leo atamwongezea hata franga 500 kwa ajili ya maandishi hayo, na jibu ni kwamba hatamwongezea. Mnunuzi wa 1925 naye hakumlipa Dunhill chochote kwa ile tarakimu ndogo. Na kughushi kutakuja, kama kulivyokuja kwa vitone vyeupe vya bandia na picha za Tingatinga zilizotiwa sahihi na wengine, lakini hakuna anayeghushi jina lisilo na thamani. Wanaojua viko vya zamani vya Bibokoboko bado wapo hai, wengi wana simu, na wajukuu wao wanajua kurekodi sauti. Swali la kuwauliza ni lile ambalo Burton hakuuliza alipopita Ubwari: hiki ulipewa na nani, na yeye alichongewa na nani.